Kumlea mtu mpya katika biashara ya mtandao: siku 90 za mwanzo

Ninakuandikia wewe uliyeanza karibuni kuunganisha watu katika biashara ya mtandao, yaani ile ya kuuza bidhaa za kampuni mkononi na kuwaunganisha wengine wauze chini yako, mwenye watu watatu au wanne chini yako, na ambaye tayari unaona wawili kati yao hawapokei simu. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka 12, nikiuza dawa za meno, sabuni na virutubisho, na katika muda huo nimepoteza watu wengi kuliko niliobaki nao. Siku moja nilikaa na daftari langu nikawapitia mmoja mmoja. Wengi walikuwa wameondoka kabla ya kutimiza miezi mitatu, na karibu wote walifanana katika jambo moja: hawakuwahi kumuuzia bidhaa mtu asiye ndugu wala rafiki yao. Waliobaki, hata wale wasio wasemaji hodari, walikuwa na wateja wanaorudi.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba kazi ya kwanza ya mdhamini, yaani aliyemuunganisha mtu, ni kumsaidia mtu mpya apate mteja, na kwamba semina pamoja na mipango ya kupanda ngazi hufuata baadaye. Wengi wetu tulifundishwa kinyume chake. Mtu hujiunga Jumatatu, Jumanne huambiwa aandike majina 100, Jumamosi hupelekwa ukumbini kusikiliza ushuhuda wa waliojenga nyumba, na wiki ya pili hutakiwa alete watu wawili katika biashara ambayo yeye mwenyewe hajaonja faida yake. Shemeji yake anapomuuliza amepata kiasi gani mpaka sasa, hana la kujibu. Aibu ya swali hilo ndiyo humwondoa, wala hatakuambia kwamba ndiyo iliyomwondoa. Atakuambia amebanwa na kazi.

Orodha ya majina ina faida yake, lakini mimi huomba majina 20 tu, kisha tunakaa pamoja na kuweka alama kwa wale ambao tayari wananunua bidhaa ya aina hiyo kila mwezi. Huko ndiko tunakoanzia, na huko huwa naenda naye mwenyewe. Niliwahi kufuatana na kijana mmoja hadi saluni ya kike Tabata. Mwenye saluni alishika dawa ya meno, akaigeuza, akauliza inauzwaje. Kijana akaanza kumweleza historia ya kampuni, viwanda vyake na nchi inakofanya kazi, na kabla hajafika kwenye bei yule mama alikwisha kuirudisha mezani na kushika tena kichana. Tulipotoka tuliketi kwa mama ntilie tukanywa chai, nikamuuliza mambo matatu: mteja aliuliza nini, wewe ulimjibu nini, na ungerudi leo ungemwambia nini? Alijijibu mwenyewe. Baada ya siku nne alirudi peke yake, akataja bei kwanza, akauza dawa mbili. Nusu saa ile ya chai ilimfunza kuliko semina zote nilizompeleka.

Katika kufuatana huko kuna mpangilio ninaoushika. Ziara ya kwanza nazungumza mimi naye anatazama. Ya pili tunasaidiana. Ya tatu anazungumza yeye, nami nanyamaza hata ninapoona anakosea, maadamu hampotoshi mteja. Kunyamaza huko ni kugumu, hasa mwisho wa mwezi zinapopungua pointi za mauzo zinazotupandisha ngazi katika kampuni, lakini ukidakia kila mara mteja atakuwa wako, na mtu wako ataendelea kukuhitaji mpaka achoke.

Baada ya mauzo ya kwanza, mfundishe kuandika hesabu. Chukua mfano wa dawa ya meno aliyoipata kwa shilingi 11,000 na kuiuza kwa 15,000. Akiuza 10 kwa wiki ataona shilingi 40,000 za faida na kufurahi, lakini akitoa nauli ya 12,000 na vocha ya 5,000 zinabaki 23,000. Mwonyeshe hiyo 23,000 mapema, wala usiogope kwamba atavunjika moyo, kwa kuwa anayejua kwamba wiki yake imempa 23,000 ana kitu cha kupanga nacho, ilhali aliyeahidiwa mamilioni huona kila alichopata kuwa si kitu. Mwonye pia juu ya mali kauli. Wateja wetu wengi huomba kulipa mwisho wa mwezi, na mtu mpya huona haya kukataa. Akiwa na wadaiwa sita, mtaji wake umekwisha na anaanza kuwakwepa watu walewale anaopaswa kuwauzia. Mimi humruhusu kukopesha wateja wawili tu, na wa tatu asubiri mpaka mmoja alipe.

Kuhusu mzigo wa kuanzia nina jambo ambalo bado linaniuma. Katika mwaka wangu wa pili nilimuunganisha mama mmoja mshonaji wa Mbagala. Zilikuwa zimebaki siku mbili tufunge mwezi, nami nilikuwa nimepungukiwa pointi za kupanda ngazi, hivyo nikamshawishi achukue bidhaa za shilingi 480,000, fedha alizokopa kwenye kikoba chao. Mimi nilipanda. Miezi minane baadaye nilimtembelea, akavuta katoni mbili kutoka uvunguni mwa kitanda. Zilikuwa na vumbi, na baadhi ya virutubisho vilikuwa vimepita muda wa matumizi. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Nilimlipa fedha zake kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na tangu hapo hakuna mtu wangu anayechukua mzigo mpya kabla ya kuuza sehemu kubwa ya ule wa kwanza.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba tahadhari hiyo ni ya zamani katika biashara hii. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoamua kwamba kampuni ya Amway, nayo ya biashara ya mtandao, haikuwa upatu wa piramidi, ilizingatia kanuni tatu za kampuni hiyo: muuzaji auze angalau asilimia 70 ya bidhaa alizonunua kabla ya kuagiza nyingine, aonyeshe kwamba ameuzia wateja 10 katika mwezi, na anayeacha biashara anunuliwe mzigo wake uliobaki. Kabla hujamuunganisha mtu yeyote, ulizia katika kampuni yako utaratibu wa kurudisha bidhaa, na umweleze siku anapojiunga, si siku anapolalamika.

Hilo litamsaidia pia kujibu swali atakalokutana nalo wiki ya kwanza: «Hii si DECI nyingine?» Usimfundishe kukasirika. DECI ulikuwa upatu wa namna hiyo hapa Tanzania: watu walipanda «mbegu», yaani fedha zao, wakitarajia kuvuna zaidi, na serikali ilipoizima mwaka 2009 wengi walibaki na stakabadhi mikononi. Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Jibu la kweli ni kwamba katika upatu huo fedha ya anayeingia ndiyo humlipa aliyetangulia, nayo imeharamishwa na sheria ya Tanzania, wakati biashara halali hulipa kutokana na bidhaa iliyofika kwa mtumiaji. Lakini jibu hilo linakuwa kweli ikiwa tu mtu wako ana wateja; kama kipato chote kinategemea viingilio na mizigo ya wanaojiunga, muulizaji amekwisha kuona sawasawa.

Mkataze kabisa kusema kwamba kirutubisho kinatibu kisukari au shinikizo la damu. Mgonjwa anaweza kuacha dozi yake kwa kuamini maneno ya mtu wako, na hakuna kamisheni inayolipa madhara hayo.

Ni lini basi aanze kuunganisha wengine? Mimi husubiri awe na wateja 10 waliorudi kununua mara ya pili. Wapo wanaofika hapo kwa wiki sita, wapo wanaochukua miezi mitano, na wapo wanaogundua kwamba wanapenda kuuza lakini hawapendi kuongoza watu. Hao usiwasukume. Dada mmoja katika timu yangu ameuza kwa miaka saba bila kumuunganisha mtu yeyote, na mauzo yake hayajawahi kuniangusha. Anayetaka kuongoza mpe mtu mmoja amfuate kwenye ziara zile tatu, wewe ukiwa mtazamaji, kisha zungumza naye faragha juu ya alivyofanya. Usimsahihishe mbele ya mtu wake.

Siku ya 90 mnapokutana, fungueni daftari na kusoma hesabu zote, kisha muulize kama anataka kuendelea, ukinyamaza mpaka ajibu. Akisema anaacha, msaidie kurudisha bidhaa zilizobaki, muulize kama angependa kuendelea kutumia ile anayoipenda, na mwezi unaofuata mpelekee mwenyewe.