Kabla ya Kuongeza Kemikali, Chuja Sampuli Kwanza

Unapotibu maji machafu ya kiwanda yenye metali, majibu ya maabara yakirudi yanaonyesha shaba imezidi kiwango, wengi hukimbilia kuongeza kostiki soda, kemikali ya kupandisha pH (kipimo cha uasidi). Subiri kidogo. Jiulize kwanza: hiyo shaba bado imeyeyuka, au imeshaganda, yaani imegeuka chembe ngumu, na inaelea tu?

Kinga sampuli mbili kwenye bomba la kutokea. Moja ipitishe kwenye chujio la maikromita 0.45, nyingine iache ilivyo, halafu zote zipimwe. Kuchuja kutangulie asidi ya kuhifadhia sampuli, maana asidi huyeyusha mashapo na kipimo kikakudanganya. Iliyochujwa ikitoka safi, pH yako haina kosa. Mabonge ya metali iliyoganda ndiyo hayazami. Zikilingana, metali imeyeyuka na kuna kitu kinaizuia kuganda.

Tuanze na pH. Kromi ya valensi 3 huganda vizuri kati ya 7.5 na 8.5, shaba karibu 8.5 hadi 9, zinki 9 hadi 9.5, nikeli hutaka 10 na zaidi. Kromi na zinki zina ujanja wao: ukipitiliza, zinarudi kuyeyuka. Ndiyo maana maji yenye kromi na nikeli pamoja ni bora yatibiwe kwa hatua mbili, kila moja na pH yake. Chokaa hutoa tope jingi kuliko kostiki, lakini tope lake huzama haraka. Kostiki ni rahisi kupimia, ila tone moja la ziada huirusha pH juu.

Kromi ya valensi 6 haigandi kwa kupandisha pH, hata ufanyeje. Shusha kwanza pH hadi 2 au 3 kwa asidi ya sulfuriki, kisha tia metabisulfaiti ya sodiamu, inayoigeuza kuwa kromi ya valensi 3, takriban kilo 3 kwa kila kilo ya kromi hiyo. Maji ya manjano yatageuka kijani; hapo ndipo upandishe pH. Hatua hii ikifanyika kwenye pH ya 5 au 6, huwa ya polepole mno na rangi ya manjano hugoma kuondoka. Moshi wenye harufu kali ya kiberiti ukitoka, umezidisha metabisulfaiti, na hewa ya chumba inahitaji kuvutwa nje.

Maji yenye sianidi yasikaribie tangi hilo la asidi kabisa. Yakikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Yawe na mfereji wake, na sianidi ivunjwe kwa klorini kwenye pH ya juu ya 10 kabla ya kuchanganywa na kitu chochote.

Sasa ile hali inayowachosha wengi: pH ni 9, maji ni maangavu, lakini yana ubluu uliokolea na hakuna bonge hata moja. Hapo amonia au EDTA (kemikali inayoshikilia metali isigande) kutoka kwenye sabuni na madawa ya kuoshea imeishika shaba. Kostiki zaidi haitasaidia. Tenga mkondo huo, au tumia kemikali ya kugandisha yenye sulfidi, nayo iwe mbali na asidi kwa sababu hutoa gesi ya sulfidi ya hidrojeni.

Kama tatizo ni mabonge, jaribu kwenye bika (vikombe vya maabara) 6 za lita 1. Andaa myeyusho wa 0.1% wa polima, kemikali inayounganisha chembe kuwa mabonge, uache kama saa moja polima ifunguke. Mililita 1 ya myeyusho huo kwa lita ya maji ni miligramu 1 ya polima. Jaribu mililita 1 hadi 5. Koroga kwa kasi dakika 1, polepole dakika 15, acha itulie nusu saa. Polima ikizidi, maji huteleza na chujio huziba. Ukikoroga kwa nguvu baada ya mabonge kuundwa, unayavunja, na hayarudi kama yalivyokuwa. Pampu ya kasi baada ya tangi la polima hufanya kosa hilohilo kila siku bila mtu kuona.

Na kabla ya kulaumu kemikali yoyote, itoe elektrodi ya pH (kijiti cha kupimia pH) uitazame. Ikiwa imevaa ganda jeupe la chokaa, iloweke kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki, suuza, kisha ihakiki kwa myeyusho wa pH 7 na wa 10.