Saa sita hazimtoshi kijana

Je, kijana wa miaka 15 akilala saa 6 tu kwa usiku, zinamtosha? Hapana, hazimtoshi, hata kama anaishi kijijini ambako taa huzimwa mapema. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ndivyo wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walivyopendekeza mwaka 2016. Wala kuchelewa kulala na kuamka kwa shida si uvivu. Wakati wa balehe melatonini, homoni ya usingizi, huchelewa kupanda usiku, kwa hiyo anagaagaa kitandani macho kodo, halafu alfajiri anaamshwa aiwahi shule iliyo mbali. Ikiendelea hivyo wiki nenda wiki rudi, hasira, wasiwasi na sonona huongezeka. Ila sonona nayo hufukuza usingizi, kwa hiyo asipopata nafuu, apelekwe kwa mhudumu wa afya.