Maswali ya Wasomaji: Mabati Kwanza au Kiwanja Kwanza?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji chetu, bonde la mto Matandu, wilayani Kilwa. Mto ulipofurika nyumba nyingi za udongo zililala chini. Tumeahidiwa msaada wa ujenzi, na kikao kimegawanyika. Wengine wanataka mabati yakifika yagawiwe sawa kwa kila kaya. Wengine wanasema tusijenge mpaka tuhamie mlimani. Wazee nao wanasema hawatoki, mashamba yao yako bondeni. Tuanzie wapi? — Msomaji, Kilwa, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Mabati yasitangulie. Nimesimamia ujenzi huku kusini tangu ujana wangu, na nimeyaona mabati ya msaada yamelazwa kando ya turubai, mwenyewe hana msingi wala nguzo. Mwisho huyauza kwa bei ya kutupa anunue unga. Simlaumu hata kidogo.

Kugawa sawa kunaonekana haki, lakini hakumfai aliyepoteza nyumba yote. Nyumba ya fito ambayo nguzo zake bado zimesimama inahitaji kukandikwa upya tu na kukazwa paa. Ile ambayo ukuta umelowa kutoka chini ukaporomoka inaanza upya. Piteni nyumba kwa nyumba, pamoja na mtendaji na fundi mmoja anayeaminika, mwandike hali ya msingi, nguzo, ukuta na paa. Mwandike pia nani analala humo. Mpangaji amelowa kama mwenye nyumba, naye husahaulika kila mara.

Hapa nataka unisikilize vizuri zaidi: wajane. Nyumba ikiwapo, hakuna anayewasumbua. Ikianguka, na msaada ukiwa njiani, shemeji wanakumbuka kwamba kiwanja kilikuwa cha marehemu ndugu yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutoka kwa jina lake. Halmashauri ya kijiji ilimalize hilo kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nyumba ikishasimama, ugomvi huwa mkubwa mara kumi.

Kuhusu kuhama, wazee wana hoja na vijana wana hoja. Tafuteni alama za maji kwenye miti na kuta zilizobaki, mzipake rangi zisipotee. Aliyekuwa ukingoni kabisa asirudi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Lakini msirudie ya majirani zetu wa Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia juu, mbali na mashamba yao ya bondeni, na watu wakaendelea kushuka msimu wa kilimo kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya shambani vya kulindia mazao. Basi pangeni hivyo tangu mwanzo: nyumba ya familia iwe juu, karibu na maji ya kunywa na shule, na dungu la kulindia mpunga libaki bondeni. Mzee akijua shamba lake haliguswi, atakusikiliza. Ila kama huko juu hakuna kisima, msihamishe mtu mpaka kichimbwe.

Sasa kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, mvua ikiwa mlangoni. Kwa hiyo msaada wa msingi na nguzo lazima ufike Juni au Julai, la sivyo watu watalala mvua ya pili chini ya turubai. Waombeni wafadhili watoe kwa hatua: msingi wa mawe uliopita alama ya maji ukikaguliwa, inatoka sehemu ya nguzo na ukuta, ukuta ukikaguliwa, ndipo mabati, pamoja na misumari yake na waya wa kufunga kenchi kwenye nguzo. Mzee au mgonjwa asiyeweza kujenga alipiwe fundi. Kama kijiji chenu kina msitu wake, kama walivyo Kikole na Nanjirinji, mkutano mkuu unaweza kutenga nguzo huko.

Na saruji inunuliwe mapema ihifadhiwe pakavu, juu ya mbao. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika hapo hapo Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili.

Orodha ya majina ikikamilika, ibandikeni ofisi ya kijiji na msikitini wiki nzima kabla ya kuipeleka wilayani, ili aliyeachwa apate kusema.