Toa hiyo kadi kwenye kompyuta kwanza, mengine baadaye

Mkuu, simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala nikajikuta nimesema "hapana!" kwa sauti, konda akadhani nabishia nauli.

Unasema kadi yako ya GB 64 ina picha za kipaimara cha mtoto wa dada yako, ukiichomeka kompyuta inadai ifomatiwe kwanza, na chache ulizowahi kuziona zinafunguka nusu, chini kijivu tupu. Fundi kakwambia fomati, pakua programu, zirudishe hapo hapo kwenye kadi. Unauliza programu ipi ni nzuri na hizo nusu zinatengenezwaje. Mimi naanza na hilo "hapo hapo", maana lilinilaza macho wiki nzima.

Mwaka 2019 nilipiga harusi Morogoro. Kadi moja ya GB 32, picha 1,386, kanisani asubuhi na ukumbini usiku. Jumapili nachomeka kadi kwenye laptopu, ujumbe ni huo huo wako. Nikatetemeka, nikaibeba hadi kwa fundi mmoja Kariakoo ambaye kila mtu alimsifia. Akaitazama kama daktari anayetazama mafua. "Kaka, hii ndogo sana." Akafomati mbele ya macho yangu. Mimi huyo natikisa kichwa kama naelewa.

Cha kushangaza, hapo bado nilikuwa sijapoteza picha hata moja. Kufomati kule kwa haraka kunafuta orodha tu. Chukulia kadi ni gesti: mtu kachana daftari la mapokezi, lakini wageni bado wamelala vyumbani. Programu ya kurudisha picha inapita mlango kwa mlango ikigonga, humu yupo, humu yupo. (Usichukue hii kama ruhusa ya kufomati! Kwenye Windows ukiondoa tiki ya fomati ya haraka inaandika sifuri kadi nzima, hapo wageni wameshatolewa na vitanda vimeoshwa.)

Basi programu ikagonga milango kama saa nzima, ikaleta orodha yote, na vipicha vidogo pembeni. Bibi harusi huyu hapa anashuka kwenye gari, pete hizi hapa. Nikanunua soda mbili, yangu na ya fundi. Ile soda inaniuma mpaka leo kuliko pesa niliyomlipa.

Programu ikauliza: tuzihifadhi wapi? Laptopu yangu ilikuwa imejaa tamthilia za Kikorea za mke wangu. Sawa, zangu. Diski ya nje ilikuwa nyumbani Tabata, kwenda na kurudi nauli haifiki hata bei ya chipsi mayai. Fundi akasema, "Ya nini usumbufu, weka humu humu kwenye kadi, si unaona iko tupu?" Likatokea onyo kwamba usihifadhi kwenye kadi unayoiokoa. Akalifunga. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno: "Hizi programu za kizungu zina woga."

Woga! Ndugu yangu, nenda kwenye gesti ile ile. Mapokezi kuna daftari jipya, halina jina hata moja, kwa hiyo mhudumu anaamini vyumba vyote viko wazi. Anapokea wageni wapya anawapanga kuanzia chumba namba moja, juu ya vichwa vya waliolala. Ndicho tulichofanya. Tena fundi alikuwa amepanga orodha za karibuni zianze, kwa hiyo zilizotangulia kuhifadhiwa ni za ukumbini usiku. Zikaandikwa mwanzoni mwa kadi. Na mwanzoni mwa kadi palikuwa na nini? Kanisa.

Kufika zamu ya kanisani, programu bado ina orodha yake ya zamani, inaenda pale pale ilipoziona, inachota chochote inachokikuta. Nikafungua moja ya picha za mwanzo, ile ya bibi harusi akishuka kwenye gari. Ikafunguka ndafu. Ndafu mzima, amekaa kwenye sinia na majani mdomoni, amekatwa miguuni, chini kijivu, kwa sababu picha ya gari ilikuwa na ukubwa mdogo kuliko ya ndafu na programu ilichota kipimo kile kile cha zamani. Nyingine hazikufunguka kabisa. Picha 480 za kanisani zilikuwa na majina yao na ukubwa wao, MB 7, MB 8, na ndani takataka. Za ndafu zilikuwa 63, zote salama, zinang'aa mafuta. Kwa hiyo nikikwambia kwenye harusi ile ndafu alikula watu, usicheke sana.

Nilirudisha shilingi 350,000 kati ya 600,000. Mama wa bibi harusi hakunifokea, aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, hata ile ya kuvishana pete?" Ningeomba anifokee. Albamu tulijazia picha za simu za waalikwa, zile zilizozunguka WhatsApp mpaka zimechoka. Fundi nilipomrudia akasema kadi yenyewe ilikuwa feki. Haikuwa feki. Nilikuja kuipima kwa H2testw, programu ya kukagua kadi feki, ikaandika na kusomeka GB zake zote bila kosa. Feki alikuwa nani, jibu unalo.

Kwa hiyo mkuu, kadi iliyougua INASOMWA, HAIANDIKWI. Usipige nayo picha hata moja ya kujaribu. Usikubali Windows "ikurekebishie makosa", hiyo nayo inaandika. Utaishia na folda ya FOUND.000 yenye mafaili ya .CHK usiyojua kichwa wala mkia. Itoe, sogeza kile kiswichi cha pembeni kwenye LOCK (ni ulinzi mdogo tu, baadhi ya kompyuta zinaupuuza), halafu jaribu kisomea kadi kingine, wakati mwingine mgonjwa ni kisomeaji.

Ikiendelea kugoma, azima diski ya nje yenye nafasi inayozidi GB 64 na uvute nakala ya kadi nzima kama ilivyo, iwe faili moja. Mwenye kompyuta ya Linux atumie programu ya ddrescue: inaruka sehemu mbovu, inaokoa nzima kwanza, kisha inarudi kubembeleza zilizogoma, na ukiiwekea faili la kumbukumbu, hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Kisha kadi iweke kabatini, ufanye kazi kwenye nakala. Ukiharibu, unavuta nyingine.

Programu? PhotoRec, ya bure. Ni skrini nyeusi yenye maandishi, haina sura, lakini kule inakosoma haiandiki. Majina ya picha yatapotea, utapata f na namba ndefu. Itakapouliza pa kuhifadhi, soma mara mbili. Mara tatu. Mpe na dada yako asome.

Hizo nusu kijivu, kilichofutwa hakipo, na atakayekuuzia programu ya "kutengeneza" sehemu iliyokosekana anakuuzia hewa. Ila kabla ya kukata tamaa, zifungue tena kutoka kwenye nakala, huenda kisomeaji kilikuwa kinakatiza. Na kama ulipiga RAW, zile picha ghafi za kamera, ndani ya faili kwa kawaida mna JPEG ya kuonyeshea ambayo programu ya exiftool inaweza kuichomoa, mara nyingine hiyo ndiyo inayopona. Mimi nilipiga JPEG tupu, kubana nafasi. Kwenye kadi iliyobaki na zaidi ya nusu wazi.

Umeitoa? Niandikie kama ni SD kubwa au ile ndogo ya simu. Ndogo haina swichi, itabidi tutafute adapta.