Mtoto hakusema kitu, sasa uhuru wa kusema unaingiaje?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi na mjomba tumebishana wiki nzima, nimemwambia Marekani mahakama ilishakataza watoto wa shule kulazimishwa kusalimu bendera, ilianza na watoto wa Mashahidi wa Yehova, yeye anasema haiwezekani, sheria ni ya wote na kila mtu akianza kutoa udhuru wa dini nchi haitawaliki. Nani yuko sahihi? Na kinachonichanganya zaidi, nasikia ile kesi ilishinda kwa uhuru wa kusema, wakati mtoto mwenyewe alikaa kimya!

JIBU: Marahaba binti. Wewe uko sahihi, ila usimcheke mjomba, manake hoja yake ilishinda kwanza.

1935, mji wa Minersville, Pennsylvania, Lillian miaka 12 na mdogo wake William miaka 10 walikataa kusalimu bendera. Kwao ile ilikuwa ni kusujudia sanamu. Yule wa kiume aliandika barua kwa bodi ya shule, kwa mkono wake wa kitoto, akasema sio kwamba haipendi nchi yake, anaipenda, ila anampenda Mungu zaidi. Wakafukuzwa wote wawili. Kesi ikafika Mahakama ya Juu na 1940 majaji 8 kwa 1 wakasema shule iko sawa, jaji Frankfurter akaandika kwamba sheria inayomhusu kila mtu haimwachii mtu kwa sababu ya imani yake. Si ndio maneno ya mjomba hayo? Baada ya hapo Mashahidi walipigwa sehemu nyingi, na kule Kennebunk, Maine, ukumbi wao wa ibada ukachomwa moto. Mimi kila nikifundisha hii kesi hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu watu wanadhani hukumu inabaki kwenye makaratasi.

Miaka 3 tu baadaye, 14 Juni 1943, mahakama ile ile ikajigeuka, 6 kwa 3, kwenye kesi ya West Virginia dhidi ya Barnette. Majaji wengine walikuwa wapya na watatu wa zamani walishakiri mwaka 1942 kwamba walikosea. Sasa sikiliza hapa ndipo swali lako la pili lilipo. Jaji Jackson hakusema "hawa waachwe kwa sababu wana dini". Alisema kunyoosha mkono na kutamka kiapo ni kusema, ni kutangaza unachoamini, na kama serikali haiwezi kukuziba mdomo basi haiwezi pia kukufungua mdomo kwa nguvu na kuweka maneno yake humo. Kwa hiyo kunyamaza nako ni kusema, au tuseme ni upande wa pili wa haki hiyo hiyo.

Na mimi naona huo msingi ni bora kuliko ule wa udhuru wa dini. Wangepewa udhuru, angepona mtoto wa Shahidi peke yake na jirani yake asiye na dini, ambaye hakubaliani tu na vita, angeendelea kulazimishwa. Sasa wamepona wote wawili.

SWALI LA NYONGEZA: Kwa hiyo siku hizi mtu akisema "dini yangu hairuhusu" anaachwa?

JIBU: Hapana, na hapa mjomba anapata pointi yake. 1990, kesi ya Smith, watu wawili wa Oregon walifukuzwa kazi kwa kutumia peyote, mmea wa kulevya, kwenye ibada ya kanisa lao la Wahindi Wekundu, wakanyimwa na mafao ya kukosa kazi. Mahakama ikasema sheria isiyolenga dini yoyote inambana kila mtu, na jaji Scalia akanukuu kabisa maneno ya ile hukumu ya 1940! Bunge lilikasirika likatunga sheria 1993 kurudisha ulinzi, lakini 1997 mahakama ikasema sheria hiyo haiwezi kuyabana majimbo. Ndio maana mawakili wengi wenye wateja wa dini wanapitia mlango wa kusema, kama yule mtengeneza tovuti wa Colorado aliyeshinda 2023 kwa 6 dhidi ya 3, hakutaka kutengeneza tovuti za harusi za jinsia moja, na swali lililosikilizwa lilikuwa la kusema tu. Hukumu hiyo watu wanaigombania mpaka leo, na mimi naelewa hofu ya mteja anayegeuzwa mlangoni.

SWALI: Na mhubiri akitukana dini ya wenzake barabarani?

JIBU: 1940 hiyo hiyo, New Haven, kijana Jesse Cantwell aliwaomba wanaume wawili barabarani ruhusa awapigie santuri, wakakubali, kumbe inalishambulia kanisa Katoliki na wao ni Wakatoliki. Walitaka kumpiga, wakamwambia aondoke, akabeba gramafoni yake akaenda zake. Akatiwa hatiani kwa kuvuruga amani, ila Mahakama ya Juu majaji wote wakaifuta hatia hiyo, kwa sababu hakutisha mtu wala hakuchokoza ugomvi kwa mwili wake, alisema tu kitu kinachouma. Angewaita watu wawavamie Wakatoliki pale pale, hiyo ingekuwa kesi nyingine kabisa.