Jibu: Mbona München wanapumzika tarehe 15 Agosti na Berlin tunafanya kazi?

Ndugu, binamu yako anayesema kwao München 15 Agosti ni mapumziko hajakudanganya. Sikukuu nyingi huku Ujerumani hupangwa na kila jimbo. Zinazoadhimishwa nchi nzima ni 9 tu, zikiwemo Ijumaa Kuu, Kupaa kwa Bwana na 3 Oktoba, siku ya muungano. Bavaria, jimbo la München, Wakatoliki ni wengi, kwa hiyo Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ndiyo hiyo 15 Agosti, ni mapumziko, tena ni kwenye manispaa zenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti tu. Kijiji cha pili wanaweza kuwa kazini! Mji wa Augsburg, humo humo Bavaria, ndio wamezidi: wana sikukuu yao wenyewe ya amani, 8 Agosti. Nyinyi Berlin mna 8 Machi, Siku ya Wanawake, tangu 2019.

Angalizo: sikukuu ikiangukia Jumapili imeliwa, hakuna kufidiwa Jumatatu kama Kenya. Na fanya manunuzi mapema, maana siku hiyo supamaketi karibu zote hufungwa. Kupaa kwa Bwana huwa Alhamisi, basi wajanja huomba likizo ya Ijumaa na kupata siku nne mfululizo. Wahi kuiomba, wenzako kazini wanaijua hiyo.

Idi si sikukuu ya kitaifa. Ongea na bosi mapema.