Usafi wa mtaro: anza na gari la taka

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwakusanya majirani msafishe mtaro wenu kabla ya masika. Mi nakwambia anza na gari la taka, watu baadae. Kukusanya ni rahisi, shida inakuja mkishajaza viroba vyote halafu vinakaa barabarani wiki nzima, mbwa wanachana, mvua inanyesha, taka zinarudi kulekule mtaroni na watu wanakata tamaa kabisa. Kwahiyo nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, muulize gari linapita siku gani na mtaweka wapi taka, likishindikana changeni mkodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpeleke dampo siku ileile. Siku chagua jumamosi ya mwisho wa mwezi, ndo siku ya usafi kitaifa hapa Tanzania, watu washazoea na maduka mengi yanafungua wakishamaliza. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 jua likiwa kali muwe mmemaliza.

Vifaa azimeni majumbani, reki, koleo, viroba vya mchele. Ila glovu nunueni zile nene jamani, mtaroni kuna viwembe, chupa zilizovunjika na pempasi, na watoto msiwaingize mle hata wakiomba vipi. Chupa za plastiki wekeni pembeni muwape vijana wanaookota makopo, wanauza kwa kilo, mkiwaambia mapema watakuja wenyewe na wanafanya kazi kweli. Na tope mkishalitoa msiliache ukingoni, mvua ya kwanza tu linarudi ndani.